Aliye Nyuma ya Kioo

Saa nne kasorobo asubuhi, Sisimizi alikuwa akivaa ovaroli ya marehemu.

Ilimpwaya kila upande. Alikunja miguu ya ovaroli mara tatu, akaibana kwa selotepu, akaitumbukiza ndani ya viatu vya mpira. Kisha kofia ya kufunika masikio na shingo, barakoa, miwani, na glavu jozi mbili. Ndiyo sheria ya chumba safi. Humo taasisi ya chuo hutengeneza vitu vidogo mno, hata unywele mmoja mbele yake ni gogo, na chembe ya vumbi ikipenya, kazi ya mwezi mzima imekwenda na maji. Mtu akishavaa hivyo, hata mwenzake aliyefanya naye kazi miaka mitano hamjui ni nani.

“Leo iwe mwisho, binti yangu,” alisema Profesa, kasimama mlangoni mwa chumba cha kuvalia. “Tunamdanganya mama wa watu.”

“Nipe Alhamisi moja tu, Profesa. Ukimwambia atakufa.”

“Akija kuambiwa na mtu barabarani ndiyo atakufa. Bora ajue hapa, tukiwa naye.”

Sisimizi alichukua stuli fupi akaingia nayo ndani. Marehemu alikuwa mrefu, taasisi nzima ikimwita Mlingoti. Sisimizi ungeweza kumtia mfukoni ukasahau kwamba umembeba.

Hakuna aliyeupanga uongo huu. Mlingoti alipokuwa hai, mama yake alitoka kliniki ya presha kila Alhamisi na kupitia taasisini na hotpoti ya chakula. Mwanawe hakuweza kutoka kumlaki, maana kuvua na kuvaa upya ni nusu saa nzima. Basi aligonga kioo cha korido mara mbili, mama naye akagonga mara mbili, wakawa wamemalizana. Wenzake walimtania kwamba mtu mzima na ndevu zake bado analishwa na mama. Kisha wakakaa wakamsaidia kula.

Jumapili moja, akienda kazini, pikipiki yake iliingia chini ya lori. Zamu ya siku ile haikuwa yake. Ilikuwa ya Sisimizi, aliyekuwa kitandani na homa. Wote walilijua hilo, na hakuna aliyethubutu kulitaja mbele yake.

Wiki tatu baada ya mazishi, siku ya Alhamisi, mama alitokea na hotpoti yake. Watu waliganda na vikombe vya chai mikononi. Makaburini mama hakutoa hata chozi, alitazama tu kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Sasa waliamini kwamba maskini amerukwa na akili. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kioo. Ndani alikuwemo Sisimizi peke yake. Kwa kukosa la kufanya, alinyoosha mkono akagonga mara mbili.

Mama akagonga mara mbili. Akatabasamu.

“Mpeni aliye ndani,” alimwambia katibu, akimkabidhi hotpoti. “Ale chote. Na nyie msimsaidie.”

Tangu hapo ilipita miezi minne. Kila Alhamisi Sisimizi alitungua ovaroli ya Mlingoti kwenye msumari, akapanda juu ya stuli, akagonga. Baadaye alijifungia chumba cha kuvalia akala, chakula na machozi vikishuka pamoja. Huo ndio ulikuwa mlo wake wa maana kwa wiki nzima. Wenzake waliona anavyokonda, analala juu ya meza ya maabara, simu za kwao hapokei. Walisema ni shahada ya uzamivu hiyo, humla mtu taratibu. Watu wa kupima vitu visivyoonekana kwa macho, na kilichokuwa mbele ya macho kiliwapita.

Mama naye alikuwa na maswali yaleyale kila alipokuja. Analala vizuri? Anaongea na watu? Wiki iliyopita alisema, “Naona amezidi kupungua.” Katibu aliitikia, “Hajambo, mama,” kisha akaenda kulia chooni.

Saa nne kamili mama alifika. Aliweka hotpoti sakafuni, akasogea kwenye kioo hadi pumzi yake ikakitia ukungu. Ndani, Sisimizi aligonga mara mbili. Mama alimjibu. Safari hii Sisimizi hakushusha mkono. Aliubandika kiganja kizima kwenye kioo, na mama akaweka kiganja chake palepale, upande wa pili. Wakabaki hivyo muda mrefu.

Profesa alikuwa amezoea kuhutubia kumbi zilizojaa watu. Katika korido ile tupu alivua miwani, akaivaa tena.

“Mama, naomba tukae kidogo pale kwenye benchi. Nina neno zito.”

“Sema tu, baba.”

“Huyo aliye ndani... unayekuja kumwona kila wiki...” Alifuta uso kwa kiganja. “Tumekukosea sana, mama. Huyo si...”

Mama alimshika mkono, akamwongoza hadi kwenye benchi, akamkalisha yeye.

“Profesa, mwanangu nilimzika mimi,” alisema taratibu. “Asubuhi ile aliniaga anakwenda kumshikia zamu binti mwenzake aliye mgonjwa. Ndiyo maana nakuja kumwangalia huyo binti, naye asije akanifia.”