Kipande cha Nguzo ya Tandiko

"Niikate baiskeli ya marehemu baba yako, Bi Siwema?" Fundi Shebe aliweka msumeno chini. "Haina kosa hii. Wewe ndiye mfupi."

"Mimi ufupi nilizaliwa nao, fundi. Hilo dude lilitengenezwa. Kati yetu, wa kukatwa nani?"

Wanaume waliokuwa wakingoja kuzibiwa pancha wakacheka. Siwema hakucheka. Miaka thelathini alipeleka maziwa mjini nyonga zikiyumba kushoto kulia, vidole vya miguu vikiitafuta pedeli, tandiko likimchubua hata msibani akashindwa kukaa mkekani. Kila fundi alimwambia avumilie, au apakiwe kwenye keria kama wanawake wenzake.

Utotoni aliiendesha baiskeli hii hii kwa kupenyeza mguu chini ya bomba la juu, baba akikimbia nyuma ameshika keria. "Ukirefuka utakaa juu, mwanangu." Baba akafa, na urefu haukuja.

Shebe akaichomoa nguzo ya tandiko, akauokota tena msumeno, akakata. Kipande kikaanguka vumbini, hakizidi kidole. Siwema akakiokota kingali na moto wa msumeno.

"Hiki tu?" aliuliza. "Miaka yote ile?"

Fundi akainamia nati zake.

Siwema akapanda. Kwa mara ya kwanza nyayo zake zilikanyaga pedeli mpaka chini kabisa. Akaondoka taratibu, kipande amekifunga kwenye pindo la kanga, na alipoanza kuteremka mlima akageuka kuitazama keria, kama anayetaka kujua ni nani aliyeiachia.