Jiko Lisilopasuka

Ta! Gizani, kabla ya alfajiri, jiko alilobandikia uji likapasuka. Rehani alijua bila kuwasha taa: ni udongo wa ndani. Majiko yake yote yalipasuka hivyo, na wateja walikuwa wakihamia kwa Salha, fundi mwenzake wa jirani.

Juzi, kwa wivu, alimtuma wifi yake akanunue jiko la Salha, akalivunja kwa nyundo ayajue ya ndani, akaambulia vigae.

Kulipokucha, Salha mwenyewe akabisha hodi, kikapu kichwani.

"Shoga, nimeviona vigae vyangu jaani kwako."

Uso wa Rehani ukamwaka.

"Usione haya. Na mimi nimelinunua lako kwa kujificha. Hicho kimlango chako cha kupunguzia moto, nimekata bati mpaka vidole vimechanika, wapi!"

Akatoa bakuli la udongo uliochomwa, akalitumbukiza ndani ya bati tupu la jiko la Rehani. Likakaa sawasawa.

"Udongo nauchanganya na makapi ya mpunga, usipasuke," akasema taratibu. "Haya, nawe nionyeshe kimlango."

Rehani alitamani lile bakuli lipasuke, limwaibishe Salha. Hata hivyo mkono ukaufuata mkasi wa bati.

Walipomaliza wakawasha mkaa, wakainama kutega sikio. Moto ukakolea. Rehani hakujua tena anaomba nini. Binti yake akaja akijifikicha macho, akachuchumaa katikati yao.

"Mama," akasema, "jiko hili halijapiga kelele."