Kadi Tatu za Mtu wa Louisville

Kadi ya kwanza ilitoka Louisville, ya pili Columbus. Ya tatu ilikuwa na muhuri wa posta ya Buffalo, mji huu huu, na hapo ndipo Bamurange, mhudumu wa mgonjwa, alipofunga komeo la mlango.

Ya kwanza iliuliza: “Bado unapumua? Huna haya.” Ya pili ilisema: “Nimepita nyumbani kwa Tansey. Nimeona ukuta utakaofaa kutundikia kichwa chako.” Ya tatu ilikuwa fupi: “Alhamisi, saa tisa alasiri. Usijisumbue kuamka.”

Leo ilikuwa Alhamisi. Saa nane na nusu.

Aliyeandikiwa ni Profesa Pruitt, mzee wa miaka themanini na minne, aliyelala chumba cha mbele cha nyumba yake ya Riverside na mpira wa oksijeni puani. Maisha yake yote aliyatoa kwa marehemu Tansey, mcheshi wa Columbus mwenye masharubu kama ufagio, ambaye picha yake ilitundikwa juu ya kitanda. Profesa aliandika vitabu vitano kuthibitisha kwamba Tansey hakuwa akitania. Huko Louisville, msomi mwingine, Rowland, aliandika vitano kuthibitisha kwamba Pruitt ni punda. Mabishano hayo ya kitaaluma yalikuwa na umri wa miaka arobaini.

“Niwapigie polisi?” Bamurange alikuwa amemuuliza asubuhi.

“Mwache aje,” Profesa alisema kwa shida. “Amenitukana miaka yote hii. Acha amalizie.” Kisha akaomba avalishwe tai.

Bamurange alimvalisha. Watu wanaojua wanakwenda kufa hutaka kuwa nadhifu. Nesi alikuwa amesema zimebaki siku, pengine saa, na Bamurange alikuwa ameapa moyoni kwamba mzee huyu atakufa kwa amani. Baba yake mwenyewe, kule milimani Kivu Kusini, hakuipata amani hiyo. Naye alikuwa ameletewa barua kwanza.

Kwa hiyo alimwita Ferdinandi, jirani, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, ambaye siku hiyo hakuwa na zamu ghalani. Ferdinandi alikuja na rungu la besiboli na kuliweka magotini kwa heshima, kama Biblia.

“Kwetu barua ya vile ikifika, batu banatoka mbio,” Bamurange alimnong’oneza. “Donc huyu mutu iko anakuja kweli.”

“Kwenu mnakimbia na ng’ombe kwanza, watoto baadaye.”

“Ferdinandi, haiko saa ya michezo!”

“Dada, wewe ni mtani wangu, kila saa ni saa yako. Hata ukifa nitakuja. Kule Kigoma niliona mtani anavyofanya msibani. Nitajilaza kando yako na kukwambia uache kujivunia jeneza, usogee tugawane.”

“Ushindwe kabisa!”

Kitandani, Profesa alitoa sauti fulani. Bamurange alidhani ni kikohozi.

“Amefika?” mzee aliuliza.

“Bado, Profesa. Na hataingia.”

Mzee alimtazama kwa macho makubwa. Aliinua kidole, akaonyesha mlango, na pumzi ikamkatika kabla ya neno kutoka. Bamurange akamrekebishia mpira wa puani. Juu ya meza ya kitanda vilikuwapo vitabu vitano tu, vyote vya Rowland, kurasa zikiwa zimelegea kwa kusomwa. Akavisukuma pembeni kupata nafasi ya bakuli la maji.

Saa tisa kamili, mlango ukagongwa.

“Fungua!” sauti nzito ilinguruma nje. “Najua yumo humo! Nimetoka Louisville kuja kummaliza!”

Ferdinandi alisimama, rungu juu. Bamurange akakagua komeo, kisha akarudi kitandani. Profesa alikuwa anajaribu kuinuka. Macho yake yalikuwa mlangoni, midomo ikicheza bila sauti, mkono umenyooshwa.

Bamurange aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili. “Usiogope,” alisema. “Mimi niko hapa. Sitamfungulia mtu.”

Mlango uligongwa tena. Ukagongwa tena. Profesa alivuta mkono wake mara moja, kwa nguvu ambazo Bamurange hakujua bado anazo, halafu mkono ukalegea. Mashine ya oksijeni iliendelea kuunguruma peke yake.

Nje, kugonga kuliendelea, sasa polepole.

Ferdinandi alisogeza pazia, akachungulia. Kisha akashusha rungu, akavuta komeo.

Aliyeingia alikuwa mzee mkongwe, juu ya magongo mawili, theluji mabegani. Chini ya pua alikuwa amebandika masharubu ya karatasi, makubwa kama ufagio, mfano wa yale ya Tansey pichani, na gundi ilikuwa imeanza kuachia upande mmoja. Alitazama kitandani. Alitazama saa ya ukutani.

Hakuna aliyemzuia. Alivuka chumba hatua kwa hatua, akaegemeza magongo ukutani, akavua viatu vyake. Kisha akapanda kitandani, akajilaza kando ya maiti, na kuvuta blanketi mpaka kidevuni.

“Sogea, punda wewe,” alisema. “Umejaza kitanda chote.”

Ferdinandi alilificha rungu mgongoni.