Mama wa Babu

"Ukoo wetu naujua hadi babu wa saba, sista, na wote walikuwa machifu," Desideri alijigamba. Hata hivyo alikuja parokiani kutafuta jina moja alilokuwa halijui, la mama wa babu yake, ili apewe binti yake mchanga atakayebatizwa Jumapili.

"Haya, mtoto wa machifu, funua taratibu. Karatasi hizo zimezeeka kuliko mimi," Sista Yusta akamtania, akamwachia kitabu cha ubatizo na kwenda kuchemsha chai.

Jina la babu Desideri aliliona. Mbele yake, kwa wino uliofifia, paliandikwa: baba hajulikani, mama hajulikani, mtoto ameokotwa kwenye ngazi za kanisa, analelewa na Melania, mpishi wa misheni.

Machifu wote wakamtoka kichwani. Badala yao akamwona mwanamke mwenye masizi mikononi, akimpulizia uji mtoto asiye wake. Akatazama huku na huku, akainamia kitabu, akanong'ona, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," Sista Yusta akaitikia kutoka mlangoni.

Desideri hakuthubutu kugeuka. Kidole chake kilikuwa bado juu ya jina la Melania.