Joto la Mtu Mmoja

Muuza kompyuta hakutuuliza tunataka kucheza michezo gani. Aliuliza, "Nyumbani mko wangapi?"

"Watatu," nilijibu. "Sisi wawili na mama mkwe."

Tangu kila nyumba iwekewe mita na kikomo cha joto, kadi ya michoro, ile inayoendesha michezo ndani ya kompyuta, huhesabiwa pamoja na watu. Muuzaji alitupatia ndogo. Mume wangu, Shomari, akaisukuma kando, akaishika ile kubwa yenye feni tatu.

"Hiyo ina joto la mtu mzima, kaka. Ukiiwasha, mita italia mpaka mmoja wenu atoke."

"Tutaipoza."

"Feni inapoza kadi. Joto linabaki mle mle ndani."

Tuliinunua. Tukaongeza feni, tukaacha ubavu wa kompyuta wazi, na mita ikalia vilevile. Nilikuwa nimechoka kubishana, nikaenda jikoni kuinjika chai. Niliporudi, mita ilikuwa kimya. Shomari alikuwa anacheza. Mama alikuwa ameketi nje juani, juu ya mkeka wake.

"Mwache mwanangu apumzike," aliniambia.

Siku hizi hasubiri mita ilie. Akisikia kiti cha mwanawe kikivutwa, anachukua mkeka anatoka.

Jana Shomari alisema kompyuta ina nafasi ya kadi ya pili. Leo nimejinunulia mkeka.