Ngazi ya Karani

Karani alikuwa anapiga randa kinyume cha nyuzi za mbao, na kila akisukuma, ubao ulilia kama paka aliyekanyagwa mkia.

Baba mkwe wake alimtazama kutoka kitini, barazani. Miaka arubaini na moja ya useremala, halafu binti yake wa pekee akaolewa na mtu wa makaratasi! Mtu ambaye kazi yake nzito kuliko zote ilikuwa kugonga muhuri. Sasa mtu huyo ameamua kutengeneza ngazi nyepesi ya kukunja, ya kubadilishia taa na kufikia makabati ya juu. Ngazi kama hizo zimejaa madukani.

"Nataka niitengeneze kwa mkono wangu, baba," Karani alikuwa amesema asubuhi, akimwaga mbao na vifaa vya kuazima hatua tatu kutoka miguuni pa mzee, kana kwamba ua mzima haukumtosha.

Tangu mzee apatwe na kiharusi, miezi mitano iliyopita, alikuwa ameacha kuongea na wapumbavu, na kwa hesabu yake nyumba hiyo ilikuwa nao wa kutosha. Hata hospitali ilimletea mmoja, bwana wa mazoezi, aliyekuja na mpira mdogo wa kufinya. Mpira! Yeye aliyepaua nusu ya mtaa huu akae kitako afinye mpira kama mtoto anayeota meno? Aliurusha juu ya paa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulibaki mapajani, umelala kama kitu cha mtu mwingine.

Ubao ukalia tena. Mzee akauma meno. Ukalia mara ya tatu.

"Sukuma upande mwingine," alisema hatimaye.

"Upi, baba?"

"Wa pili! Kwani ziko ngapi?"

Karani akafikiri, akageuza randa badala ya kugeuza ubao. Mzee akafumba macho.

Alipoyafumbua, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Karani alikuwa amechagua ubao wa mguu wa nyuma, na katikati yake kulikuwa na fundo kubwa kama jicho la ng'ombe.

"Huo utavunjika. Na atakayekuwa juu siku hiyo ni binti yangu, si wewe."

"Mbona uko sawa, baba?"

"Una fundo!"

"Wapi? Sioni. Labda unionyeshe."

Mzee akainuka. Aliinuka kwa hasira tupu, akashika nguzo, kisha ukuta, akazimaliza hatua tatu zile akitukana kila moja. Dirishani jikoni binti yake alisimama na sufuria mkononi, maji ya bomba yakimwagika bure. Anamwonea mumewe aibu, mzee akawaza. Ana haki.

"Hapa! Weka kidole hapa. Umeona? Sasa lete ubao mwingine, unipe na hiyo randa kabla hujaiua."

Akauchukua mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akaukalisha juu ya randa kama anayemkalisha mtoto mtukutu, akasukuma. Randa ikayumba. Akasukuma tena, polepole, mpaka ukanda mwembamba wa mbao ukajikunja na kudondoka chini.

"Hivyo," alisema akihema. "Hata mbuzi ameelewa."

Mbuzi huenda alielewa, lakini Karani hakuelewa. Alitaka kukaza skrubu bila kutoboa tundu kwanza. Alipaka gundi upande usiohusika. Bawaba alizifunga kichwa chini, na ngazi ilipofunguliwa ikakunja miguu mbele, ikapiga magoti uani. Mzee akacheka mpaka machozi yakamtoka, kicheko cha dharau kisicho na hata chembe ya huruma.

"Sogea. Nipe bisibisi."

Bisibisi ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Karani hakuona lolote. Alikuwa amepiga magoti akitafuta skrubu iliyokuwa mbele ya kidole chake cha mguu. Mara ya tatu vidole vya mzee vikajifunga, vikang'ang'ania, na bawaba ya kwanza ikakaa mahali pake.

Bahati ya wajinga ni kubwa. Pamoja na makosa yote hayo, hakuna ubao hata mmoja uliopotea. Mzee aliliwahi kila kosa kabla halijaharibu kitu, na alijisifu kimoyomoyo kwa hilo.

Saa nane mchana ngazi ilisimama: vidato vinne, miguu iliyofungwa kamba isitanuke kupita kiasi, nyepesi kiasi cha kubebwa kwa vidole viwili.

"Hii ni ngazi yangu," mzee alisema. "Wewe umeshika mbao tu."

"Ndiyo, baba."

"Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekufukuza kabla ya chai."

"Ndiyo, baba."

Mzee akala sahani mbili, akasinzia kitini na vumbi la mbao kwenye kucha.

Karani akakusanya vifaa, akavirudisha nyumba ya pili kwa fundi wa makochi, mwanamke wa makamo mwenye karakana ndogo nyuma ya nyumba yake. Ukutani humo zilikuwa zimeegemezwa ngazi tatu za kukunja. Ya kwanza ilikuwa imepinda. Ya pili ilikuwa inayumba. Ya tatu, ambayo Karani aliimaliza wiki iliyopita baada ya jioni nyingi za kujifunza, haikuwa na kosa hata moja.

"Imekuwaje?" fundi akamuuliza.

"Ameshika bisibisi," Karani akasema, akiirudisha randa mahali pake. "Dada, sasa nifundishe kabati la droo. Nikishaliweza sawasawa, ndipo nitajua pa kulikosea."