Jina la Mama: Hayupo

Mwanahawa aliipiga meza ya karani kwa kiganja hadi kikombe cha chai kikaruka.

Siku mwanawe Nasra alipozaliwa, baba yake ndiye aliyekwenda kumwandikisha. Akaulizwa, "Mama?" Naye, kwa kuwa alimwacha mkewe wodini, akajibu, "Hayupo." Likaandikwa vivyo hivyo. Jina la mama: Hayupo.

"Miaka saba naomba mfute herufi sita! Leo shule imekataa kunikabidhi mwanangu!"

"Dada, hati ikishafungwa haihaririki," karani akasema kwa upole wa kuudhi. "Anayehaririwa ni mtu. Mjomba wangu Selemani aliandikwa Seremala. Sasa anachonga vitanda, na hana neno."

"Uchungu niliuona mimi, au hati?"

"Weka dole gumba hapa, uwe Hayupo. Mtoto utampata leo leo."

Mwanahawa akalikandamiza dole hilo kana kwamba anaua kunguni. Na kweli, jioni ile akarudi na mwanawe.

Kesho yake Nasra alitoka shule, akauuliza mlango wa nyumbani kama kawaida, "Mama yupo?"

Mlango, ambao haujui lolote ila yaliyomo kwenye hati, ukajibu, "Mama Hayupo."

Mwanahawa akaacha mwiko chunguni, akatoka jikoni mbio. "Nipo! Wewe mlango mwanaharamu, fungua, nipo!"

"Nipo hayumo kwenye hati za nyumba hii," mlango ukasema, na komeo likajikaza.

Nje, Nasra alivua begi, akakaa kizingitini kumngoja mama yake arudi.